Binti kusoma chuo kidogo cha Kikatoliki: niliyoyapata Jordan, Morogoro

Shikamoo mama. Umeuliza kama ada ya chuo binafsi cha Kikatoliki ina maana, ilhali binti yako anaweza kusubiri mwakani aombe nafasi katika chuo kikubwa cha serikali. Mimi nilisomea ualimu katika chuo cha Jordan, Morogoro, kwa hiyo nitaeleza niliyoyaona huko.

Chuo hicho hakikuanza kwa ajili ya watu wote. Mwaka 1993 Wasalvatoriani, shirika la watawa wa Kikatoliki, walifungua taasisi ya falsafa na teolojia ya kuwafundisha mafrateri, yaani vijana wanaosomea upadre, na mwaka 2010 ndipo ilipofanywa chuo kikuu kishiriki cha SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino) ya Mwanza, ambayo ni mali ya Baraza la Maaskofu Katoliki. Asili hiyo tuliiona darasani, kwa sababu tulikaa na mafrateri na masista, na mtu aliyezoea kuamshwa na kengele alfajiri hangoji usiku wa kuamkia mtihani ndipo afungue daftari. Nilitoka kidato cha sita nikijivunia kukariri. Frateri aliyeongoza kundi letu la majadiliano alikuwa akiuliza "kwa nini" hadi tunakereka, nami hadi leo nawauliza wanafunzi wangu vivyo hivyo, nao wanakereka.

Jambo ambalo wewe utalipenda, na binti huenda asilipende, ni kwamba hakuna pa kujificha. Niliugua malaria nikakosa semina mbili bila kutoa taarifa. Mhadhiri alinikuta nje ya maktaba, akaniita kwa jina na kuniuliza kulikoni. Rafiki yangu aliyesoma chuo kikubwa, ambaye mihadhara mingine aliisikiliza akiwa amesimama dirishani, hakuniamini nilipomsimulia.

Kuhusu dini, darasani kwetu walikuwamo Waislamu na Walutheri, na sikuona aliyebughudhiwa kwa imani yake.

Fedha ziwekee hesabu ya mapema. Bodi ya Mikopo huwakopesha wanafunzi wa vyuo binafsi pia, lakini si lazima mkopo utoshe ada yote, na pengo hulijaza mzazi. Tena chuo kidogo hakibebi kila kozi: kama moyo wake uko kwenye udaktari, ni afadhali asubiri.

Mkienda kuangalia, msiishie ofisi ya udahili. Ombeni kuingia maktaba jioni, kisha binti mwenyewe azungumze na wanafunzi wa mwaka wa tatu bila wewe kuwapo.