Velo dame ya kwenda kazini: maswali yenu

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kitu kimoja: kinga, yaani baiskeli, isiyo na bomba la juu, ile ambayo sokoni inaitwa velo dame, kama inafaa kwenda nayo kazini kila siku hapa Lubumbashi. Inafaa, na mji wetu ulivyo tambarare unaisaidia. Ila zinazoletwa sokoni hazifanani, na tofauti kubwa haionekani kwenye rangi.

Nafundisha shule ya msingi karibu na katikati ya mji, naishi Katuba. Ni kama kilomita 5 kwenda na 5 kurudi, na navaa kikwembe. Muuzaji ananionyesha velo dame mbili za mtumba. Moja ina gia 21, springi kwenye uma wa mbele, na kiti kinene kama mto. Ya pili ni nyeusi, nzito, gia 3 tu. Ya kwanza nikiikalia naona raha. Nichukue ipi? – Mwalimu, Katuba

Mama mwalimu, chukua ile nyeusi, mradi urefu wake unakutosha. Raha unayoisikia ukikaa dakika mbili mbele ya duka inatoka kwenye mto wa kiti. Raha ya kilomita 10 kwa siku inatoka kwenye vipimo vya mwili wako na upana wa matairi. Kiti laini kupita kiasi kinazama, mifupa ya makalio inagusa chuma cha chini, na nyama ya pembeni inabanwa. Anayekaa wima anahitaji kiti kipana chenye springi mbili nyuma, lakini juu yake pawe pagumu kidogo.

Springi za uma wa mbele, kwenye baiskeli za bei ya chini, hufanya kazi vizuri zikiwa mpya. Vumbi letu jekundu la Juni hadi Oktoba linaingia kwenye mabomba yake, linachanganyika na grisi, linakuwa kama msasa. Baada ya muda uma unakwama au unacheza, na vipuri vyake ni shida kupata. Tairi la upana wa milimita 40 lenye upepo wa kiasi linapunguza mitikisiko bila kuharibika.

Sasa gia. Zile 21 zinatumia derayeri, kile kimkono kinachoning'inia kando ya gurudumu la nyuma. Baiskeli ikilazwa upande wa kulia juu ya mizigo, kinapinda, na cheni inaanza kurukaruka. Tena, baiskeli yenye derayeri mbele na nyuma haiwezi kufunikwa cheni yote, na kwa mtu wa kikwembe hilo peke yake linatosha kuikataa. Gia 3 zimefungwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Vumbi haliingii kirahisi, na unaweza kubadilisha ukiwa umesimama kwenye taa. Gia ya kwanza ni nyepesi kuliko ya pili kwa karibu robo, ya tatu ni nzito kuliko ya pili kwa zaidi kidogo ya theluthi. Kwa Katuba hadi mjini huhitaji zaidi.

Kabla ya kulipa, jipime. Simama bila viatu, mgongo ukutani, bana kitabu katikati ya mapaja kama unavyokaa kwenye kiti, halafu mtu apime kutoka sakafuni hadi juu ya kitabu. Zidisha kwa 0.66. Ukipata sentimita 74, urefu wa fremu unaokufaa, yaani lile bomba lake linalopokea bomba la kiti, ni karibu 49. Angalia hili sana, kwa sababu baiskeli za Uholanzi mara nyingi ni 53 au 57, zilitengenezwa kwa watu warefu. Bomba la juu halipo kukuonya kwamba ni kubwa, basi mtu anapanda, anaona sawa, anaanza kuumwa kiuno wiki ya pili.

Kiti kipandishwe hadi ukiweka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa mguu unanyooka bila nyonga kuinama. Ukirudisha sehemu pana ya mbele ya unyayo kwenye pedali, goti litabaki na mkunjo mdogo, na ndivyo inavyotakiwa. Wengi wanashusha kiti ili nyayo zote mbili zikanyage chini wakiwa wameketi. Magoti ndiyo yanayolipa. Velo dame imetengenezwa ili ukisimama, ushuke mbele ya kiti. Nafasi ipo, itumie. Usukani uwe juu ya kiti kwa sentimita 5 hadi 10, viwiko vikunjike kidogo. Usipandishe bomba la kiti kupita alama iliyochongwa juu yake, litapinda au kupasua fremu.

Kuhusu kikwembe: tafuta mambo mawili, boksi linalofunika cheni yote, na wavu au ngao pande zote mbili za gurudumu la nyuma. Kikwembe cha kujifunga, chenye nafasi, hakina tatizo. Maxi iliyoshonwa ya kubana magoti haifai, hata kama kupanda umeweza, kwa sababu goti linapaswa kupanda kila mzunguko. Vaa pana njiani, ubadilishe shuleni.

Tairi la nyuma limechakaa. Limeandikwa 28. Nimenunua jipya la 28 sokoni, likaingia kwenye rimu kirahisi mno, na nilipojaza upepo likaruka nje, mpira wa ndani ukapasuka. Fundi anasema tairi ni bovu. – Kijana wa Ruashi

Tairi si bovu. Neno 28 ni jina tu, halikuambii kipimo. Pembeni mwa tairi kuna namba nyingine ndogo yenye kistari, kwa mfano 37-622 au 40-635. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha rimu mahali tairi linapokaa, zote kwa milimita. Rimu yako bila shaka ni 622 na umeuziwa 635. Tofauti ni milimita 13, na hiyo ndiyo iliyolirusha nje. Ukifanya kinyume, tairi la 622 kwenye rimu ya 635, halitaingia hata mkilivuta watu watatu.

Kwa 26 ni vilevile. Ile ya mlimani ni 559, ya mjini ya zamani yenye maandishi 26 x 1 3/8 ni 590. Hazibadilishani. Kwa hiyo, kabla ya kununua velo yoyote ya mtumba, soma namba hiyo, kisha pita sokoni uulize kama tairi lake lipo. 635 ndicho kipimo cha baiskeli nyeusi ngumu za aina ya zamani, kama zile zinazobeba makala (makaa). Ukikuta kipimo ambacho hakuna anayekiuza, acha baiskeli hiyo hata kama inang'aa. Andika namba kwa rangi chini ya kiti, utaisahau.

Upepo: kwa tairi la milimita 37 hadi 40 na mtu wa kilo 70, bar 3.5 mbele na 4 nyuma, isipozidi kile kilichoandikwa kwenye tairi. Likiwa laini sana, shimo la kwanza linabana mpira wa ndani kwenye rimu na kuutoboa matundu mawili yanayokaa sambamba. Ukiona matundu ya namna hiyo usitafute msumari, tafuta pampu.

Nina miaka 61, nyonga ya kulia imekaza, siwezi tena kurusha mguu juu ya kiti. Watoto wananiambia ninunue velo dame. Hapa Kampemba watu watasema Papa amepanda velo ya wanawake. – Papa wa Kampemba

Papa, wasikilize watoto. Uholanzi wazee wa kiume wanapanda fremu hizi bila mtu kugeuza shingo, na sababu ni hiyo hiyo ya kwako. Ajali nyingi za aibu kwa mtu wa umri wako hutokea wakati wa kupanda na kushuka.

Tafuta fremu ambayo sehemu yake ya chini kabisa ya kupitisha mguu haizidi sentimita 35 kutoka ardhini. Pima kwa futi, kwa kuwa nyingine zina bomba lililoshuka nusu tu na zinafika 50. Kupanda: bana breki zote mbili, iinamishe baiskeli kidogo upande wako, pitisha mguu mbaya kwanza, simama ukiwa umeitanua miguu mbele ya kiti. Pandisha pedali moja hadi juu kidogo ya usawa, ikanyage, na uzito wako ndio utakaokupeleka kwenye kiti. Usikae kwanza halafu ndipo utafute pedali.

Nikiweka gunia la unga la kilo 25 nyuma, usukani unatetemeka. Bila mzigo iko sawa. – Mama muuzaji, karibu na soko la Kenya (komini ya Lubumbashi)

Fremu isiyo na bomba la juu inajisokota zaidi. Ndilo deni la kupanda kirahisi. Unaweza kulipunguza. Sogeza mzigo mbele hadi uguse nyuma ya kiti, au ugawe katika mifuko miwili ya pembeni ili ushuke. Kaza boliti nne za keria. Shika gurudumu la nyuma ulisukume kulia na kushoto: likicheza, beringi zinahitaji kukazwa. Gonga spoki moja moja, zinazotoa sauti ya kufa zimelegea. Ongeza upepo nyuma.

Soma pia keria yenyewe, nyingi zimepigwa muhuri wa kilo 25. Wewe uko kwenye ukingo. Kama kesho itakuwa 50, Mama, nunua baiskeli yenye bomba la juu na keria ya chuma kinene. Hatuwezi kukushauri vingine.

Nahamia Bukavu. Velo dame yangu ina gia 3 na breki ya kurudisha pedali nyuma. Niende nayo? – Msomaji, barabara ya Kasapa

Kwa milima ya Bukavu, ilivyo sasa, hapana. Breki ya pedali inafanya kazi ndani ya kitovu. Kwenye mteremko mrefu inapata moto, grisi inayeyuka na kuungua, na nguvu inapungua pale unapoihitaji. Na cheni ikitoka, breki ya nyuma imekwenda. Ukiwa na breki nzuri ya mkono mbele na nyuma, jaribu kubadilisha duara la meno la nyuma: kutoka meno 18 hadi 21, kila gia inakuwa nyepesi kwa sehemu moja ya saba. Linashikwa na pete ya chuma inayotolewa kwa bisibisi bapa. Cheni itahitaji kuongezwa, na hakikisha duara jipya linaenea ndani ya boksi. Vinginevyo iuze hapa, na kule utafute ya gia 7 au 8.

Nikague nini kabla ya kumpa muuzaji pesa? – Wengi

Anza na bomba la kiti: lifungue, lizungushe. Lisipotoka limeganda kwa kutu, na urefu utakuwa ule ule maisha yote. Shika mikono ya pedali, isukume kuelekea fremu. Ikicheza, ekseli imechoka. Tazama uma kutoka pembeni: ukiwa umepinda nyuma kuelekea fremu, baiskeli iligonga kitu. Zungusha magurudumu ukiangalia nafasi kati ya rimu na raba za breki. Rimu za chuma cha kroma zikilowa mvua ya Januari hazishiki. Chagua za alumini, au breki za ndani ya kitovu. Kati ya tairi na madigadi paingie kidole kimoja kizima, la sivyo tope litalisimamisha gurudumu. Cheni ikibonyezwa katikati icheze kama sentimita moja, si zaidi ya moja na nusu.

Mwisho, ile kufuli ya duara iliyo kwenye gurudumu la nyuma. Nyingi zinaachia ufunguo zikifungwa tu. Zikiwa wazi ufunguo unabaki ndani. Kama muuzaji hana ufunguo na kufuli imekatwa kwa msumeno, mwombe karatasi ya ununuzi. Asipokuwa nayo, rudisha baiskeli ukutani.