Ukishtakiwa kwa kiwanja ulichonunua, muuzaji naye aingie kwenye shauri

Ndugu, umeeleza kwamba ulinunua kiwanja kwa mmoja wa watoto wa marehemu, mwenyekiti wa mtaa akashuhudia mkataba, na sasa ndugu za huyo muuzaji wamekufungulia shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya wakikutaja wewe peke yako. Unauliza kama mkataba huo utakulinda. Nilishtakiwa hivyo hivyo hapa Tanzania, na jibu langu ni kwamba peke yake hautoshi.

Mkataba na muhuri wa mtaa vinathibitisha kwamba mliuziana, ilhali Baraza litachimba zaidi ya hapo: aliyekuuzia alikuwa na haki ya kuuza? Anayeweza kulijibu hilo kwa kiapo ni muuzaji mwenyewe, ndiyo maana wakili wangu alianza kwa kuomba aunganishwe kama mjibu maombi (yaani mshtakiwa katika Baraza) wa pili. Mahakama Kuu ilikwishaamua mwaka 1983 kwamba anayedai ardhi iliyouzwa kwa mtu mwingine awashtaki mnunuzi na muuzaji pamoja. Mmoja akikosekana, mwenendo mzima unaweza kubatilishwa hata kwenye rufaa, wakati kila mtu amekwisha kuchoka.

Kilichoniokoa mimi ni Fomu Na. VI katika jalada la mirathi la Mahakama ya Mwanzo, ambamo msimamizi wa mirathi, yaani aliyeteuliwa na mahakama kugawa mali ya marehemu, alionyesha jinsi alivyogawa mali, na kiwanja kile kikawa katika fungu la aliyeniuzia. Omba nakala yake iliyothibitishwa mapema. Kama mirathi haikufunguliwa kabisa, uko pabaya zaidi, kwa kuwa mtoto hana mamlaka ya kuuza mali ya marehemu kabla hajakabidhiwa na msimamizi. Lakini hao ndugu nao hawawezi kudai mali ya mirathi bila msimamizi kuteuliwa. Pingamizi hilo ni halali, ila usilishangilie sana: shauri likiondolewa, watakwenda kuomba msimamizi ateuliwe na kurudi, maana sheria ya ukomo, inayoweka muda wa mwisho wa kufungua shauri, inatoa miaka 12 ya kudai ardhi.

Hakikisha pia mkataba umelipiwa ushuru wa stempu, yaani tozo ya serikali kwenye hati kama hizo, kwani usiolipiwa haupokelewi kama kielelezo cha ushahidi. Kasoro hiyo hurekebishwa kwa kulipa ushuru pamoja na adhabu, na ni afadhali ulipe sasa kuliko kuumbuliwa na wakili wa upande wa pili siku ya ushahidi. Majibu yako ya maandishi yanatakiwa ndani ya siku 21 tangu ulipopokea maombi yao, kwa hiyo anza na hayo.