Sheria na Wewe: Kijana akishikwa, umri uthibitishwe mapema

SWALI: Mpwa wangu ana miaka 17 na miezi kumi. Ameshikwa kwa tuhuma za kuiba simu, na kesi ikichelewa atakuwa ametimiza 18. Je, atahukumiwa kama mtu mzima? Askari anamwambia akubali kosa yaishe, arudi nyumbani.

JIBU: Umri unaohesabika ni wa siku kosa linapodaiwa kutendeka, si wa siku ya hukumu. Ndivyo Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa inavyoufafanua Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989. Hata hivyo, zipo nchi zinazoruhusu vijana wa miaka 16 au 17 wapelekwe mahakama ya watu wazima kwa makosa mazito. Wizi wa simu kwa kawaida haufiki huko.

Kwa hiyo anza na umri. Peleka kituoni nakala ya cheti cha kuzaliwa leo hii. Cheti chenyewe baki nacho. Kama hakipo, kadi ya kliniki au rekodi ya shule itafaa. Polisi wasipopata karatasi hukadiria kwa macho, na kijana mrefu mwenye ndevu huandikwa ana miaka 19. Likishaingia kwenye jalada, kosa hilo la umri huweza kumfikisha mahabusu ya watu wazima. Msikimbilie eksirei ya mifupa, kwani majibu yake yanaweza kupishana na umri halisi kwa miaka kadhaa. Kukiwa na shaka, imnufaishe kijana.

Kukubali ili yaishe? Asithubutu. Upo utaratibu halali wa kumaliza shauri nje ya mahakama: kurudisha mali, kuomba radhi, kufanya kazi za jamii au kupata ushauri nasaha. Lakini lazima pawe na ushahidi wa kutosha, kijana aridhie kwa hiari na kwa maandishi, apate msaada wa kisheria, na alichokiri kisitumike dhidi yake baadaye. Ahadi ya mdomo ya askari haina hata kimoja cha hivyo, ila maelezo aliyoyatia saini yatasomwa mahakamani.

Ana haki ya kukaa kimya. Akihojiwa, wakili awepo, pamoja na mzazi au mlezi. Kamati inataka afikishwe mbele ya mamlaka husika ndani ya saa 24, na akiendelea kuzuiliwa, ashtakiwe rasmi ndani ya siku 30. Andika saa aliyoshikwa. Wakili ataanzia hapo.

SWALI: Mwanangu wa miaka 9 amechoma stoo ya jirani. Anaweza kushtakiwa?

JIBU: Katika nchi nyingi, hapana. England na Wales huanzia miaka 10, Ujerumani 14, na Kamati inahimiza isiwe chini ya 14. Maofisa wa ustawi wa jamii wanaweza kuja kuuliza maswali, nao wana haki ya kufanya hivyo. Fidia ni kesi nyingine kabisa, ya madai, na sheria za nchi nyingi humgeukia mzazi aliyezembea kumwangalia mtoto. Zungumza na jirani kuhusu gharama kabla hajafungua madai, na mtakachokubaliana mkiandike.