Land Rover 109 ya zamani: usianze na pati

Ndugu yangu wa Tukuyu, umeuliza kama fundi wako yuko sahihi anaposema kwamba Land Rover yako ya Series III inahitaji pati (uji mzito wa kujazia mabonde ya bodi, unaokauka na kuwa mgumu) na rangi tu, kwa sababu bodi yake ni ya alumini na alumini haishiki kutu. Amesema nusu. Bodi za magari hayo zimekuwa za alumini tangu mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, lakini chasisi, fremu za milango na ukuta unaotenganisha injini na kabini ni chuma. Na pale alumini inapogusana na chuma huku maji yakiingia katikati, alumini ndiyo inayoliwa. Kwa mvua za huko kwenu, hilo limeshatokea.

Yangu niliinunua Mafinga, nikaitengeneza uani kwangu Uyole. Nilianza kwa kutoa mazulia na kugonga kwa bisibisi pale dereva anapoweka miguu. Pigo la tatu bisibisi ikazama hadi kwenye mpini, na chini ya pati ya fundi aliyetangulia nikakuta kipande cha gunia. Kata kutu yote mpaka ufikie chuma king'aavu, kisha chomelea bati jipya kwa nukta nukta, ukirukaruka kutoka upande mmoja hadi mwingine ili moto usilipinde. Unaporudisha alumini juu ya chuma, paka praima (rangi ya kwanza ya kukinga) pande zote mbili na uweke silanti, yaani gundi ya kuziba maji, katikati.

Madigadi yaliyobonyea yana hila yake. Alumini ikigongwa sana huwa ngumu, halafu hupasuka. Kwa hiyo hulainishwa kwanza kwa moto. Shida ni kwamba haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, na mtu asiyejua hutoboa madigadi akiwa bado anasubiri rangi. Mimi niliisugua kwa sabuni ya mche, nikapitisha moto taratibu, na sabuni ilipogeuka kahawia iliyokolea nikauondoa mara moja. Baada ya kupoa, ilinyooka kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga.

Pati ije mwisho, nyembamba. Hapo ndipo nilipojiharibia mwenyewe: ilikuwa Julai, baridi ya Uyole mnaijua, pati ikakataa kukauka, nami nikaongeza hadina (dawa ya kuigandisha pati) karibu mara mbili ya kipimo, ambacho kwa kawaida ni takriban asilimia 2 ya uzito. Ilikauka upesi sana. Wiki chache baadaye madoa ya manjano yalitokeza juu ya rangi ya krimu, nikalazimika kukwangua mlango mzima. Baridi ikizidi, pasha moto chumba au subiri Septemba. Tena usipige msasa wa maji juu ya pati tupu, maana inafyonza maji.

Rangi nilipiga ya NC (nitroselulosi, inayokauka bila hadina), kwa kuwa hadina ya 2K, rangi ya kuchanganya sehemu mbili, ina isosayanati, kemikali inayodhuru mapafu ambayo barakoa ya kitambaa haizuii, na watoto walikuwa uani. NC nayo haipendi unyevu: niliyoipiga alfajiri ilipata ukungu mweupe. Niliyopiga kuanzia saa nne, bati likiwa limeshapata jua na upepo wa mchana haujaanza kuleta vumbi, inang'aa mpaka leo.