Debe la uwele lililotaka kutukosanisha na jirani

Mbukwa wakuu. Mleta mada kauliza kama kweli watu wanaweza kuishi kwa kupeana tu, bila hela wala soko, na wavivu wanazuiwaje wasile bure. Mimi nimekulia kijijini Chamwino, Dodoma, najibu kwa niliyoyaona.

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, mama aliomba debe la uwele kwa jirani. Mvua za kwetu mnazijua: inanyesha ng'ambo ya korongo, kwako vumbi. Mwaka ule wao walipata, sisi hapana. Nilipopata kibarua mjini nikanunua debe moja soko la Majengo, nikalikung'uta likajaa sawasawa, nikampelekea. Nilijiona mwanaume kweli. Yule mama akalitazama, akaniuliza, "Mwanangu, kwani tumekosana?"

Mama aliposikia hakunisifu. Jioni ile ile akanituma nikaombe chumvi kwa jirani, na chumvi ndani ilikuwepo!

Nilichukua miaka kuelewa. Kurudisha haraka, tena kwa kipimo kile kile, ni kufunga hesabu, na hesabu ikifungwa hakuna anayemhitaji mwenzake. Unatakiwa urudishe baadaye, kwa kitu kingine, kikizidi au kikipungua: kuku, siku ya palizi, mtoto wa kuwachungia mbuzi.

Kwenye ng'ombe ndiyo utaona akili yake. Zizi la baba lilikuwa na ng'ombe wengi, lakini karibu nusu ni wa watu wengine, na wa kwake alikuwa kawaweka kwa marafiki hadi Kongwa. Anayetunza anapata maziwa na samadi, na mara moja moja ndama. Ng'ombe akifa, unampelekea mwenyewe ngozi aione. Ugonjwa ukiingia zizi moja, hujafilisika. Hiyo ni bima kabisa, ila haina karatasi.

Wavivu? Hakuna anayewanyima ugali. Lakini mtu akipika pombe ya kazi ili watu wamlimie, wote mnaonana nani anashika jembe na nani anasubiri kibuyu. Siku mvivu naye akipika pombe, watakuja wanywaji tu.

Sasa msiniambie ilikuwa peponi. Mjane asiye na nafaka ya kupikia pombe, nani atamlimia? Mwenye ng'ombe wengi ndiye aliyepata watu wengi shambani. Mgeni asiye na ndugu aliteseka. Tena njaa ikibana nchi nzima, kupeana kunakwama, maana hakuna mwenye cha kutoa. Wazee bado wanaitaja Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920: majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, halafu mvua ikagoma. Watu waliihama Ugogo, nchi ya Wagogo huku kwetu Dodoma, kutafuta chakula.

Na "bila soko" si kweli kabisa. Zamani misafara ya pembe za ndovu kutoka pwani ilikuwa inalipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi wa Ugogo ili ipite na kupata maji. Hata Wahadzabe kule Ziwa Eyasi, ambao mnyama mkubwa akianguka nyama inaliwa na kambi nzima, asali yao wanabadilishana na majirani kwa mahindi na tumbaku. Kupeana ni kwa wale mtakaoonana tena kesho. Mpita njia unapatana naye bei.

Kilichobadilisha mambo, kwa macho yangu, ni ada na hospitali, kabla hata ya simu. Huwezi kumlipa mhasibu wa shule kwa siku moja ya palizi. Michango ya harusi imebaki, lakini siku hizi mwekahazina anatuma orodha kwenye grupu, jina na kiasi, na aliyechangia elfu kumi anarudishiwa elfu kumi ile ile. Ndiyo debe langu lile.

Yule jirani yu hai, kazeeka. Ile chumvi hatujairudisha mpaka leo, na kila nikienda kijijini ananikumbusha huku anacheka.