Jibu: Kituo cha Sinza kwa Remmy

Ndugu, umeuliza Remmy wa kituo cha daladala cha Sinza kwa Remmy, Dar es Salaam, ni nani. Ni mwanamuziki Remmy Ongala, aliyejulikana kama Dokta Remmy, aliyeishi hapo. Mzaliwa wa Kindu, Kongo, alikuja Dar mwaka 1978 kupiga na bendi ya Orchestra Makassy, kisha akaiongoza bendi ya Super Matimila. Aliimba habari za wanyonge na kifo bila kupindisha. Wimbo wake wa kuhimiza kondomu, “Mambo kwa Soksi”, Radio Tanzania iliukataa, wakati UKIMWI unatumalizia watu! Hilo bado linaniuma. Baadaye aliokoka, akaimba Injili. Alifariki 13 Desemba 2010. Mpaka leo konda akiita “Kwa Remmy!” mimi humkumbuka. Anza na wimbo wake “Kipenda Roho”, usikilize gitaa.