Babu aliyezaliwa Mengo: anzia kanisani

Dada, kama babu yako alizaliwa Mengo, Uganda, miaka ya 1930 na unachojua ni kwamba alikuwa Mkatoliki, usianzie NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili ya Uganda. Wao ndio wanaoandikisha vizazi na vifo siku hizi, lakini mtoto wa zamani hizo huenda hakuandikishwa serikalini kabisa. Paroko ndiye aliyemwandika.

Nenda parokia ya Rubaga kwanza, kisha ya Nsambya, zote Kampala. Rubaga walikuwa wamisionari wa shirika la Mapadri Weupe, Nsambya wa shirika la Mill Hill, kwa hiyo ukikosa huku jaribu kule. Omba daftari la ubatizo, na usiangalie jina tu: soma pembeni. Hapo ndipo padri huongeza baadaye alioa wapi na nani, na ndoa hiyo inaweza kukupeleka parokia nyingine kabisa. Majina utayakuta kwa Kilatini, Yohana akawa Joannes, na L na R zinabadilishana, basi tafuta kwa namna zote. Andika na wasimamizi wa ubatizo, mara nyingi ni jamaa.

Kama familia ilikuwa na mailo (ardhi ya kumiliki ya Buganda), ofisi ya ardhi ina kumbukumbu za nani alimwachia nani. Mirathi iulize kwa Administrator General, ofisi ya serikali inayosimamia mali za marehemu.

Ila kabla ya yote hayo, waulize wazee babu alikuwa wa ukoo gani, Ngabi, Mmamba, upi. Baganda wanafuata wa baba, na mkuu wa mutuba wake (tawi la ukoo) anaweza kukutajia mababu ambao hakuna padri aliyewahi kuwaandika.